Kula Nyama Choma Kikopey: Mwongozo Kamili, Kutoka Ndoanoni Hadi Ubaoni

Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishaipita Gilgil na barabara ikaanza kuteremka kuelekea Ziwa Elementaita, moshi utauona kabla ya vibanda. Hapo ndipo Kikopey. Bucha na mikahawa imejipanga kando ya lami, mizoga ya mbuzi imening'inia nyuma ya vioo, na vijana waliovaa makoti meupe wanakupungia mkono uingie kwao. Madereva wa malori, familia zinazokwenda mashambani, wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo, wote husimama hapa, na sifa ya mahali hapa imeenea Kenya nzima kwa miongo kadhaa.

Hata hivyo, si kila anayesimama Kikopey hula vizuri. Wapo wanaoondoka wakilalamika kwamba nyama ilikuwa ngumu, kwamba ilikuwa mifupa mitupu, au kwamba bei iliyotajwa mwisho haikuwa ile ya mwanzo. Ukiwasikiliza utagundua karibu wote walifanya jambo lilelile: waliingia wakiwa na njaa kali, wakaketi mezani, wakamwambia mhudumu "tuletee mbuzi", wakasubiri sahani. Anayekula vizuri Kikopey ni yule anayeifuata nyama yake kwa macho, tangu ikiwa kwenye ndoano mpaka ikatwe mbele yake. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo.

Hatua ya kwanza: Chagua siku na saa

Tenga saa mbili za kukaa hapo. Nyama ya mbuzi iliyochomwa ipasavyo kutoka ubichi haiwezi kukungoja tayari, na ikikungoja tayari basi si ya leo au haikuchomwa kwa ajili yako. Kama una dakika 30 tu kabla ya kuendelea na safari, kunywa supu, kula mutura kidogo, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, uende zako. Utafurahi zaidi kuliko yule aliyelazimisha kilo mbili zichomwe kwa haraka.

Siku za katikati ya wiki ndizo bora. Mchomaji ana nafasi jikoni, bucha ana subira ya kukuonyesha vipande, na hutagombania meza. Jumamosi na Jumapili kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi ndipo msongamano huwa mkubwa, maana wanaorudi Nairobi hukutana na wanaotoka. Desemba, wikendi ya Pasaka na wikendi ya mbio za magari za Safari Rally kule Naivasha, iliyorudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021, barabara yote hujaa. Siku hizo fika kabla ya saa sita mchana, au uache.

Mwezi wa Juni hadi Agosti kuna baridi. Gilgil iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo unaopanda kutoka bondeni hupenya nguo. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asidanganywe na jua la mchana: beba sweta. Baridi hiyo ina athari zake hata kwenye sahani, kama tutakavyoona.

Hatua ya pili: Barabara ya kufika

Kutoka Nairobi kuna njia mbili. Ya juu hupitia Limuru, Kimende, Kinale na Soko Mjinga, mahali pengine ikipita zaidi ya mita 2,300, kisha hushuka kuelekea Naivasha. Asubuhi na jioni ukungu wa Kinale huweza kuwa mzito kiasi cha kutomwona aliye mbele yako, kwa hiyo washa taa na upunguze mwendo. Njia ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ikipita karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Njia hii ni nyembamba na ina malori mengi, ila mandhari ya bonde na Mlima Longonot, wenye mita 2,776, yanastahili kuonwa angalau mara moja. Njia hizo huungana karibu na Naivasha, nawe unaendelea mpaka Gilgil na kuipita.

Kwa matatu, panda gari la Nakuru, mwambie kondakta kabla hamjaondoka kwamba unashukia Kikopey, kisha umkumbushe mkifika Gilgil. Nauli huenda ukatozwa ya Nakuru nzima, hasa wikendi. Patana kabla ya kupanda. Kurudi ni kazi kidogo kwa sababu magari mengi hupita yamejaa. Ukiwa katika kikundi, kukodi gari hukuondolea wasiwasi huo.

Mwenye kuendesha aamue tangu nyumbani kwamba hatagusa pombe. Kipande cha Naivasha, Gilgil hadi Mbaruk kimeondoa roho nyingi, polisi huweka vizuizi vya kupima ulevi, na kasi inayoruhusiwa ndani ya vituo vya biashara ni kilomita 50 kwa saa. Nao mradi wa kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit unapoendelea, tarajia michepuko na foleni ambazo ramani ya simu huenda haina habari nazo.

Hatua ya tatu: Kuegesha na kumchagua wa kumwendea

Vijana wenye makoti meupe watakuzingira kabla hujazima injini. "Bosi, karibu mbuzi! Mkubwa, hapa ni laini! Mama, kuja uone kwanza, kuona ni bure!" Hiyo ni kazi yao, na wengi hulipwa kulingana na wateja wanaowaleta. Wasalimie, washukuru, na usimfuate yeyote hadi uwe umeshuka na kutembea kidogo. Jibu linalofaa ni fupi: "Asante kaka, naangalia kwanza." Ukilisema kwa heshima watakuachia nafasi.

Egesha nje kabisa ya lami, upande uleule uliokuwa ukiendea, gari likitazama njia ya kutokea. Usivuke barabara kuu kwa miguu na watoto eti kwa sababu kibanda cha ng'ambo kina moshi mzuri. Malori yanayoteremka pale hayasimami kirahisi. Kama unataka cha ng'ambo, kipitie wakati wa kurudi.

Ukitembea, tazama mambo matatu. La kwanza, mzunguko wa nyama: ndoano zenye mizoga kadhaa ambayo mingine imeshakatwa nusu ni dalili njema, kwa maana nyama inauzwa na kuisha. La pili, jiko: liko wapi, na je, mteja anaruhusiwa kulifikia? Mahali panapokukataza kuona jiko, ondoka. La tatu, nani anakula hapo. Ukiona meza ya wenyeji wa Gilgil, wahudumu wa afya, walimu, wazee wenye kofia zao wakila bila haraka, kaa karibu nao. Malori mengi yaliyoegeshwa pia ni ushahidi mzuri, kwa sababu dereva anayepita hapo kila wiki harudi mahali alipodhulumiwa.

Hatua ya nne: Buchani

Mlo wako unaamuliwa hapa. Tumia robo saa nzima ukiweza.

Anza na muhuri. Nyama iliyokaguliwa huwa na alama ya wino wa mkaguzi upande wa nje wa mzoga, pajani au ubavuni. Omba kuonyeshwa. Bucha mwaminifu atageuza mzoga bila kunung'unika.

Kisha hakikisha ni mbuzi. Mabucha wengi wa Kenya huacha mkia, na kwa mbuzi dume huacha pia alama ya udume, kusudi mteja asiwe na shaka. Mkia wa mbuzi ni mfupi na mwembamba. Wa kondoo ni mrefu au mpana wenye mafuta. Nyama ya mbuzi ina mafuta machache kwa nje, na rangi yake ni nyekundu iliyokolea. Ya kondoo huwa imefunikwa na mafuta meupe mazito, hasa mgongoni na kiunoni. Hakuna ubaya kula kondoo, na wapo wanaompendelea kwa utamu wa mafuta yake, lakini lipa bei ya kondoo ukijua ni kondoo. Kuna msafiri mmoja wa kushauriwa zaidi: yule anayefika usiku, taa hafifu, akauziwa nyama iliyokwisha kukatwakatwa. Nchi hii imewahi kuwa na visa vya nyama ya punda kuuzwa kama ng'ombe. Nunua kipande kinachokatwa kutoka kwenye mzoga mbele yako.

Umri wa mbuzi ndio unaoamua ulaini kuliko kitu kingine chochote. Mbuzi mchanga ana mifupa myembamba, mbavu zilizobanana, na nyama yenye rangi nyepesi kidogo. Mbuzi mzee ana mifupa minene na mishipa mieupe inayoonekana wazi pajani. Mzoga mkubwa sana usikuvutie macho. Mzoga wa wastani, mnene wa mviringo pajani, ndio wa kuchoma. Ule mkubwa mwambie bucha auache kwa ajili ya mchuzi.

Kuna jambo ambalo watu hawalipendi kulisikia: nyama iliyochinjwa asubuhi ya leo si lazima iwe bora. Misuli ya mnyama hukaza saa chache baada ya kuchinjwa, na huhitaji siku moja hivi kulegea tena. Mbuzi aliyechinjwa alfajiri na kuchomwa saa sita atakuwa mtamu lakini mgumu. Aliyetundikwa tangu jana jioni, kwenye ubaridi wa milimani, katika bucha safi, mara nyingi ni laini zaidi. Kwa hiyo uliza, "Huyu alichinjwa lini?" na usiogope jibu la "jana". Gusa kwa kidole kama utaruhusiwa, au mwombe bucha abonyeze: nyama njema hurudi juu, ni kavu kwa nje, haina utelezi wala harufu kali.

Sasa sehemu. Mbavu ndizo kipenzi cha wengi, na kwa haki: zina mafuta ya kutosha, huiva haraka, na mfupa huongeza ladha. Ila zina nyama kidogo kwa uzito. Mguu wa nyuma una nyama nyingi, na ndio wa kuchagua mkiwa wengi, lakini huchukua muda na hukauka mchomaji asipokuwa makini. Mkono, yaani bega na mguu wa mbele, ndio ninaoupenda kuliko vyote. Una mchanganyiko wa nyama, mafuta na nyuzi zinazolainika kwa moto wa polepole, na watu wengi huusahau, kwa hiyo huwa upo. Ukiwa na watu wanne, omba mkono mmoja na ubavu. Shingo iache kwa supu.

Kwa wasomaji Waislamu: uliza wazi ni nani aliyechinja. Ni desturi iliyoenea katika machinjio mengi ya Kenya kwamba mchinjaji ni Mwislamu, lakini desturi si dhamana, na jiko moja linaweza kuchoma vitu vingine. Uliza yote mawili, kuhusu kuchinja na kuhusu jiko.

Hatua ya tano: Mizani na bei

Kadiria nusu kilo mbichi kwa mtu mzima mwenye hamu ya kawaida, robo tatu kwa mlaji hodari. Kumbuka mfupa umo humo, na moto utaondoa robo ya uzito hivi, pengine theluthi, kwa maji na mafuta yanayodondoka. Kilo mbili mbichi za mbavu zikifika mezani zitaonekana chache. Hujaibiwa; ndivyo nyama ilivyo.

Kabla nyama haijawekwa, hakikisha mizani inasoma sufuri. Simama mahali unapoiona namba. Mfupa wa ziada au kipande cha mafuta ambacho hukukitaka kikitupiwa juu, sema papo hapo: "Hicho toa, mkubwa, niwekee ubavu." Hakuna anayekasirika kwa hilo. Anayekasirika kesho ni wewe.

Uliza bei kwa ukamilifu wake, kwa sauti, mbele ya wenzako: "Kilo ni ngapi, na kuchoma kumo ndani? Ugali na kachumbari je?" Vibanda vingine huweka kila kitu katika bei ya kilo, vingine hutoza ugali, kachumbari na hata kuchoma kando. Mfumo wowote ni halali ikiwa umeujua mapema. Kupatana kunaruhusiwa, hasa katikati ya wiki au unaponunua kilo tatu na zaidi, ingawa mimi huona faida kubwa zaidi kuomba kipande bora kwa bei ileile kuliko kushusha shilingi 50 na kupewa kipande cha kushushia.

Hatua ya sita: Jikoni

Ifuate nyama yako. Mwone mchomaji, msalimie, muulize jina, umwambie jinsi unavyoipenda. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote utakaokutana nao Kikopey, na mara nyingi hakuna anayeongea naye. Mwambie vitu vitatu tu: isikauke, chumvi kidogo kwanza, na usiikate kabla sijaja.

Hakikisha nyama yako imetambulika. Jiko la Jumapili lina oda nyingi zinazofanana, na kila mchomaji ana mbinu yake, wengine waya, wengine kijiti, wengine kumbukumbu tu. Muulize, "Yangu utaijuaje?" Atakuonyesha.

Tazama moto. Makaa yanayofaa yamefunikwa na jivu jeupe na hayatoi ndimi za moto. Nyama ikiwekwa juu ya moto unaowaka, itaungua nje na kubaki mbichi kwenye mfupa, na mafuta yanayodondoka yatawasha moto zaidi na kuacha masizi machungu. Mchomaji mzuri ana pande mbili za jiko: upande wa makaa mengi wa kuanzia, na upande wa makaa machache wa kuivishia. Anaanza na upande wa mfupa chini, maana mfupa huhimili joto na kulipeleka ndani taratibu. Kila baada ya dakika chache anageuza, ananyunyiza maji ya chumvi kwa kitambaa au kwa tawi la majani, na unasikia mlio mfupi wa mvuke. Haitobi kwa uma wala kisu kila mara, kwa sababu kila tundu ni mlango wa maji ya nyama kutoka.

Mbavu huchukua kati ya dakika 40 na saa moja. Mkono na mguu vinaweza kufika saa moja na nusu. Nyama ikikufikia baada ya dakika 15, ilishaguswa na moto kabla, labda tangu asubuhi. Vibanda vingine hufanya hivyo ili kuwahi wateja wenye haraka. Ni heri uulize mapema: "Hii inaanza mbichi?" Mbuzi lazima aive mpaka mfupani, si wa kuliwa akiwa na damu, lakini kuiva si kukauka. Dalili ni hii: mchomaji akiukunja ubavu, nyama inaachia mfupa kidogo mwishoni, na majimaji yanayotoka ni meupe, si mekundu.

Wakati nyama inaiva, agiza ugali. Huku juu maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama pwani, kwa hiyo supu na vitu vya kuchemsha huchukua muda zaidi. Ukiagiza ugali nyama ikiwa tayari, utakula nyama iliyopoa.

Hatua ya saba: Cha kufanya ukingoja

Supu kwanza. Supu ya kichwa na miguu, iliyochemka tangu alfajiri, kwenye kikombe cha moto, kwa pilipili na limau kama unavyopenda. Huzima njaa ya pupa na hukufanya mtulivu.

Mutura ni utumbo uliojazwa vipande vya nyama, damu na viungo, ukachemshwa kisha ukamaliziwa kwenye makaa. Ule ulioandaliwa vyema hukatika vipande vinene, una ngozi kavu na ndani ni laini, na huliwa kwa chumvi na pilipili ukiwa umesimama. Ule mbaya ni hatari kwa tumbo. Kula tu unaokatwa ukiwa moto kabisa, mahali unapouzwa kwa wingi. Wasiotumia damu wauache bila kuuliza zaidi.

Kachumbari isikatwe mapema. Nyanya, vitunguu, dania na pilipili zilizokaa wazi saa mbili pembeni mwa barabara zinakusanya vumbi na nzi, na mboga mbichi ndiyo sehemu ya mlo huu yenye uwezo mkubwa wa kukuharibia safari. Omba ikatwe sasa, mboga zioshwe kwa maji safi, na isikatiwe kwenye ubao wa nyama mbichi. Ombi hili halina ufidhuli wowote.

Hatua ya nane: Ubao

Mchomaji au mhudumu atakuja na ubao, nyama nzima juu yake, na kisu kikubwa. Kabla ya kisu kugusa, tazama: je, ni kipande ulichonunua? Mkono una umbo lake, ubavu una idadi yake ya mifupa, nawe uliuona buchani.

Sasa fanya jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui. Usikubali ikatwe yote kwa pamoja. Mwambie, "Kata nusu, nusu nyingine irudi pembeni ya jiko." Mafuta ya mbuzi huganda upesi kwenye ubaridi wa milimani, na ya kondoo upesi zaidi, mpaka yanashika kwenye paa la mdomo. Nyama iliyokatwa vipande vidogo hupoa kwa dakika chache. Nusu iliyobaki nzima, mbali na makaa makali, itakungoja ikiwa na joto na maji yake.

Mkataji mzuri ana mpangilio. Hutenga mbavu moja moja, hufuata kiungo cha mkono badala ya kupasua mfupa, na vipande vyake ni vya kumeza mara mbili, si tonge kubwa wala makombo. Mfupa ukipasuliwa ovyo, vipande vidogo vikali hubaki kwenye nyama; kama mna watoto, mwambie akate penye viungo tu. Chumvi huwekwa rundo dogo pembeni ya ubao, na kila mtu huchovya apendavyo.

Nawa kwa maji ya moto yanayoletwa kwenye jagi na beseni, wakubwa wakianza. Kula kwa mkono. Wenyeji humwachia mzee au mgeni kipande cha kwanza, na vipande vya karibu na mfupa havigombaniwi. Ukiwa mgeni wa watu, ngoja ukaribishwe; ukiwa mwenyeji, karibisha kwa maneno, usiache watu watazamane. Dereva aliyewaleta, awe ameajiriwa au ni rafiki, aketi nanyi mezani. Kumwacha garini na kumtumia sahani ni aibu, na watu wa hapo hulitambua.

Kama nyama ni ngumu au mbichi mfupani, sema mapema, ukiwa umekula vipande viwili, si ubao ukiwa mtupu. Irudishwe motoni. Mbichi hurekebishika; ngumu kwa sababu ya umri wa mbuzi hairekebishiki, na ndiyo maana tulikaa sana buchani.

Hatua ya tisa: Kulipa

Omba hesabu iandikwe, hata kwenye kipande cha karatasi: kilo, ugali, supu, vinywaji. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina la biashara linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, na lilingane na la kibanda, si la mtu binafsi aliyekushika mkono pale nje. Mchomaji mpe chochote mkononi mwake mwenyewe. Ukirudi mwezi ujao atakukumbuka, na mbavu zako zitakaa upande mzuri wa jiko.

Hatua ya kumi: Kabla hujaingia barabarani

Usikimbilie kuendesha ukiwa umeshiba hivyo. Usingizi wa baada ya nyama na jua la mchana ni hatari kwenye ile teremko. Pitia mahali pa kutazamia Ziwa Elementaita, upande wa kushoto ukielekea Nakuru. Ziwa hili, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011, na ndege waitwao mwari weupe huzaliana kwenye visiwa vyake. Ng'ambo yake kuna kilima kinachofanana na shujaa aliyelala chali.

Hapo jirani pia kuna Kariandusi, mahali alipochimba Louis Leakey na kukuta mashoka ya mawe ya kale sana, mengine ya kioo cheusi cha volkano. Wataalamu wanaamini zana za aina hii zilitumika pia kukatia nyama, mamia ya maelfu ya miaka kabla ya kisu cha mkataji wako. Kiingilio si kikubwa, na watoto hupapenda.

Wanaotaka kubeba nyama nyumbani wabebe mbichi, si ya kuchoma. Iliyochomwa ikikaa garini saa tatu inakuwa mpira, na joto la gari linaifanya isiwe salama. Mbichi nunua ukiwa unaondoka, ikatwe vipande vikubwa, ifungwe vizuri na kuwekwa kwenye kikasha chenye barafu. Barafu yenyewe itafute Gilgil au Nakuru kabla hujafika, kwa sababu Kikopey huenda usiipate. Mabaki ya kuchoma ambayo huwezi kuyaacha yale jioni hiyohiyo: yakatekate, yakaange kwa kitunguu na nyanya mpaka yatoe mvuke kote, uyale na ugali wa moto.